Bwana Afya na Viwanda: Maisha ya Tom Mboya

Kutoka Makina, Kibera, mpaka Kawangware ni mwendo wa saa moja na ushei kwa miguu, ukikata Barabara ya Ngong na kupita baina ya majumba ya Kilimani na Lavington. Njia hiyo nimeipita mara zisizo na idadi. Kibera nilikaa tangu mwaka 1969 hadi miaka ya tisini, kisha nikahamia Kawangware, ambako nina kiduka cha viungo na tende mpaka hivi leo. Wasomaji wa pwani wataniuliza, kijana wa Majengo, Mombasa, alifuata nini bara miaka yote hiyo? Nilifuata kazi ya kiwanda. Na kila nikipita Lavington humkumbuka mtu mmoja aliyekuwa na nyumba yake pale, mtu ambaye kalamu yake ndiyo iliyoandika, kuliko kalamu ya mwingine yeyote, jawabu la Kenya kwa suala lililoitikisa dunia zama zetu: kiwanda kiwe cha nani? Kiwe cha serikali, cha tajiri, au cha wale wanaotoka jasho ndani yake? Mtu huyo ni hayati Thomas Joseph Mboya.

Vijana wa leo wanalijua jina lake kwa sababu ya barabara iliyojaa matatu na wachuuzi mjini Nairobi. Mimi nililijua kabla sijaijua Nairobi yenyewe.

Baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Mwezi wa Machi mwaka 1955, nikiwa mtoto wa miaka sita, makuli waligoma. Nakumbuka baba akishinda nyumbani mchana, jambo tusilolizoea, na mama akipima unga kwa kikombe badala ya kuumimina kwa mkono kama ilivyokuwa desturi yake. Siku hizo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na mgomo ulikuwa si mchezo. Jioni moja baba alirudi na habari kwamba amekuja kijana kutoka Nairobi, Mjaluo, mdogo kwa umri kuliko makuli wengi aliosimama mbele yao, naye amewataka warudi kazini ili yeye aende akawasemee. Wazee wa gatini walinung'unika sana. Warudi mikono mitupu? Lakini walirudi, shauri likapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, na nyongeza ikatoka, nyongeza ya kweli ambayo makuli walikuwa hawajapata kuiona. Baba alimnunulia mama cherehani. Cherehani ile dada yangu angali nayo.

Kijana yule alikuwa na miaka 24.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndani ya shamba la katani la mlowezi. Baba yake, Leonard Ndiege, asili yake ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, na alikuwa nyapara katika shamba hilo. Hivyo mtoto Mboya alikulia ndani ya mali ya mtu binafsi, akiona tangu alfajiri jinsi mwenye mali anavyoweza kumpangia mtu saa ya kuamka, nyumba ya kulala na chakula cha kula. Alikua akisema Kikamba, Kikikuyu, Kijaluo na Kiswahili, hazina iliyokuja kumfaa baadaye. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, mpaka karo ikamshinda baba. Mwaka 1948 akaenda Kabete, kilomita chache tu kutoka Kawangware, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya.

Naam, mtu huyu aliyekuja kuketi na marais alianza kazi akiwa bwana afya. Wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka bwana afya wa zamani: kaptura iliyopigwa pasi, daftari kwapani, na wenye mikahawa wakikimbia kufunika vyungu. Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Ni yeye mwenyewe aliyesimulia, katika kitabu chake cha mwaka 1963, kwamba siku moja alikuwa peke yake chumbani akipima maziwa, akaingia bibi wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Mshahara wake nao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule aliolipwa Mzungu kwa kazi hiyo hiyo. Akajiunga na chama cha watumishi Waafrika wa Baraza, akakigeuza kikawa chama halisi cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa bado na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya nzima. Viongozi wengine wengi walikuwa kizuizini, na baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 aliyebaki wa kuwasemea wafanyakazi karibu alikuwa yeye tu.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Mwajiri wa kwanza aliyemdhulumu Mboya hakuwa bepari. Baraza la Jiji lilikuwa chombo cha umma, lisilo na mwenye hisa hata mmoja wala faida ya kugawana mwisho wa mwaka. Gatini Kilindini mambo yalichanganyika: bandari ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, yaani mali ya serikali, bali kazi ya kupakia na kupakua meli ilishikwa na kampuni za watu binafsi. Kwa baba yangu aliyebeba gunia, mgongo uliuma vile vile. Naamini kwamba Mboya aliyatia haya moyoni, na kwamba ndiyo sababu baadaye hakuweza kuamini, kama walivyoamini wengi wa rika lake, kwamba ukibadilisha jina la mwenye kiwanda umekwisha kubadilisha kiwanda.

Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, chuo cha Ruskin, Oxford, akakaa mwaka mmoja. Alifika wakati mzuri kwa mtu mwenye suala kama lake. Serikali ya chama cha Labour ilikuwa imetaifisha machimbo ya makaa mwaka 1947 na reli mwaka 1948, kwa imani kwamba nguzo za uchumi hazifai kuachiwa matajiri wachache. Chama cha Conservative, chenye imani kwamba soko likiachwa huru hujua njia yake, kilikuwa kimerudi madarakani na kuanza kuvirudisha viwanda vya chuma kwa watu binafsi tangu mwaka 1953, lakini makaa na reli hakikuvigusa. Huko mashariki ya Ulaya wakomunisti walikuwa wamevitwaa viwanda vyote kwa jina la wafanyakazi, na wafanyakazi hao hao hawakuwa na ruhusa ya kugoma. Uingereza wachimba makaa walikuwa na ruhusa hiyo, ijapokuwa mwajiri wao alikuwa taifa. Tofauti hiyo haikumpita Mboya.

Aliporudi mwaka 1956 siasa ilimvuta kama mkondo wa Kilindini. Mwaka 1957 alishinda kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, akimshinda wakili Argwings-Kodhek, ambaye naye barabara yenye jina lake ndiyo ninayoipita nikitoka Kibera. Mwaka 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Mwaka 1959 akapeleka wanafunzi Marekani kwa ndege. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Alikuwa waziri wa kazi mwaka 1962, waziri wa sheria na katiba mwaka 1963, na mwezi wa Desemba 1964 Mzee Kenyatta akampa wizara ya mipango na maendeleo ya uchumi.

Wakati huo hewa ilikuwa nzito. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yalikuwa bado mabichi, na sisi wa pwani tulikuwa na jamaa waliovuka bahari usiku. Ndani ya KANU, watu wa Makamu wa Rais Oginga Odinga walitaka uhuru uonekane katika ardhi na viwanda. Upande wa pili, wenye mabenki na makampuni ya Kizungu walikuwa wakihamisha fedha zao. Pio Gama Pinto, aliyekuwa akili na mkono wa upande wa Odinga, aliuawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Katika hali hiyo ndipo ulipotoka Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliojiita ujamaa wa Kiafrika. Mboya ndiye aliyeusimamia, akisaidiwa na mtaalamu wa uchumi Mmarekani, Edgar Edwards.

Waraka huo ulitukanwa na kusifiwa na watu wengi ambao hawakuufungua. Mimi niliusoma miaka ya sabini, nakala iliyochakaa niliyoazimwa na mwenzangu kiwandani, na tuliusoma kwa zamu wakati wa chai. Katika habari ya viwanda hoja yake ilikuwa hivi. Serikali ina haki ya kutaifisha, lakini iitumie haki hiyo pale tu ambapo mali iliyo mikononi mwa watu binafsi inahatarisha usalama wa taifa, au nyenzo za uzalishaji zinaharibiwa bure, au namna kiwanda kinavyoendeshwa inawadhuru wananchi vibaya, na hakuna njia nyingine ya bei nafuu ya kukidhibiti. Na ikitaifisha, ilipe fidia kamili.

Halafu ikaja hesabu, na Mboya alikuwa mtu wa hesabu. Serikali changa ikitumia akiba yake kununua kiwanda kilichopo, baada ya malipo nchi itakuwa na kiwanda kile kile kimoja. Fedha hizo hizo zingeweza kujenga shule, barabara, au kiwanda cha pili. Kwa hiyo serikali idhibiti kwa leseni, kwa kodi, kwa bei, kwa sheria za kazi, na ikibidi kwa kununua sehemu ya hisa ili ikae mezani na kuona vitabu.

Je, msomaji hakumtambua mwenye maneno? Ni yule yule bwana afya. Bwana afya hanunui mkahawa ili chakula kiwe safi. Anaingia, anafunua chungu, anaandika, na mwenye mkahawa ama anasafisha ama anafungiwa.

Kwa watu wa Kibera na Kawangware hoja hii haihitaji kitabu. Kibera ni ardhi ya serikali. Askari Wanubi wa jeshi la mfalme walianza kukaa pale tangu mwaka 1904 hivi, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, eka 4,197. Waliambiwa ni yao kwa ajili ya utumishi wao, lakini hati hawakupewa. Serikali ikawa mwenyewe, nao wageni wake, na kila aliyekuja madarakani akakata kipande. Mwaka 2017, baada ya zaidi ya karne, Wanubi walipewa hati ya pamoja ya eka 288. Kawangware ni kinyume chake, ardhi ya watu binafsi wenye hati zao, iliyoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi karibu na wakati wa uhuru. Mimi nimepanga pande zote mbili. Kibera nilimlipa kodi mtu aliyejenga juu ya ardhi ya serikali, na Kawangware nimemlipa mtu mwenye hati mkononi. Chumba kilikuwa cha mabati huku na cha mabati kule, choo kimoja kwa milango kumi na zaidi, na maji ya mtungi. Aliyekosekana kote kuwili ni bwana afya.

Mzee mmoja wa Kinubi, maalim aliyewasomesha watoto wetu pale Makina, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na njia yake ya kulieleza jambo hili. Alikuwa akilinganisha na wakfu. Mali ya wakfu, kwa maneno yake, haina mwenyewe duniani ila ina msimamizi, na msimamizi ataulizwa. Mali ya serikali nayo ilitakiwa iwe hivyo, lakini kila msimamizi aliyeletwa alijidhani yeye ndiye mwenyewe. Barazani petu alikuwako pia fundi cherehani wa Tanga, mfuasi wa Mwalimu Nyerere kufa na kupona, naye hakukubali hata siku moja. Kwake yeye bwana afya bila umiliki ni mtu wa kuhongwa tu: tajiri atampa chai, naye atafumba macho. Walibishana mpaka adhana ya isha, na kesho yake wakaanza walipoachia.

Maana jirani zetu walichukua njia nyingine. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake mabenki yote ya Tanzania bara yakawa ya taifa. Punde yakafuata makampuni ya bima, ya biashara ya nje na viwanda vya kusaga nafaka, na katika viwanda vingine vikubwa serikali ikachukua sehemu kubwa ya hisa. Nyerere aliamini kwamba anayeshika njia kuu za uchumi ndiye anayeshika nchi, na kwamba ukaguzi bila umiliki ni ndoto. Uganda nayo, tarehe 1 Mei 1970, Rais Obote alitangaza kuchukua asilimia 60 ya makampuni zaidi ya 80, ingawa hakukaa madarakani kuona mwisho wake. Hapa kwetu Odinga alijitoa serikalini mwaka 1966, akaunda chama cha KPU pamoja na Bildad Kaggia, na kutaifisha kulikuwa miongoni mwa madai yao. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo Mboya ndiye aliyekuwa mpangaji mkuu wa kuwashinda.

Hata rafiki zake walimkosoa. Mmoja wao, mtaalamu wa uchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika makala mwezi wa Julai 1965 akiupekua Waraka huo na kulalamika kwamba uliacha nguvu kubwa ya uchumi mikononi mwa wachache wasio Waafrika. Sisi wa pwani tuna lawama yetu pia, na sioni haya kuitaja. Waraka ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale penye ardhi yenye rutuba, mvua, barabara na watu walio tayari, ili faida yake isaidie kwingine baadaye. Hiyo baadaye, Kwale na Lamu waliingoja sana.

Lakini kosa kubwa zaidi la Mboya, kwa maoni yangu, liko mahali pengine, na linaniuma kwa sababu ya baba yangu. Ukisema serikali isiwe mwenye kiwanda bali mkaguzi, lazima awepo mtu ndani ya kiwanda wa kumwambia mkaguzi wapi afunue chungu. Mtu huyo ni mfanyakazi mwenye chama kisichoogopa. Mboya alilijua hilo kuliko yeyote, maana Mombasa ndiko alikopata jina. Na mwaka 1965 huo huo, baada ya wafuasi wa mashirikisho mawili ya wafanyakazi kupigana Mombasa hadi watu wakafa, serikali ambayo yeye alikuwa nguzo yake iliyavunja yote mawili na kuunda COTU. Katibu mkuu wa COTU aliteuliwa na Rais kutoka katika majina matatu aliyoletewa. Sheria ya Migogoro ya Kazi ya mwaka huo ikaufanya mgomo kuwa jambo gumu kisheria. Fujo za Mombasa zilikuwa za kweli, sikatai. Lakini mkono uliofungwa kwa ajili ya fujo haukufunguliwa fujo zilipokwisha.

Baba aliendelea kuwa na picha yake ukutani. Nilipomuuliza kuhusu COTU alinitazama tu, akaniambia nikaangalie kama mama ameteka maji.

Nilifika Nairobi mapema mwaka 1969, nikapokewa na mjomba wangu aliyeoa Kibera. Jumamosi tarehe 5 Julai nilikuwa Makina nikimsaidia mjomba kupaka rangi dirisha, radio ikiwa wazi. Mboya alikuwa ametoka duka la dawa katika barabara iliyoitwa wakati huo Government Road, akapigwa risasi kifuani, akafariki. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Aliyeshitakiwa na kunyongwa ni Nahashon Njenga Njoroge. Nani alimtuma, ikiwa alitumwa, ni jambo ambalo Kenya inaulizana hadi leo. Kesho yake tulikwenda Lavington kwa miguu, njia ile ile ninayoipita sasa. Kulikuwa na watu wa Kibera, watu wa Kawangware, wafanyakazi wa reli wamevaa sare zao, akina mama waliobeba watoto. Hatukufika mlangoni kwa umati. Mjomba, ambaye hakuwahi kumpigia kura, alilia barabarani, nami nilifikiri juu ya cherehani. Mboya alizikwa kisiwani Rusinga, na kabla ya mwaka kwisha KPU ilipigwa marufuku. Waliobishana juu ya viwanda mwaka 1965 walikuwa sasa ama kaburini ama kizuizini, au wamenyamaza.

Kilichofuata ni kichekesho ambacho marehemu hakukiona. Kenya iliyokataa kutaifisha ikawa mnunuzi mkubwa wa hisa. Benki ya Taifa ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1968, ikiwa ya serikali tupu. Baadaye serikali ikanunua asilimia 60 ya benki ya Kiingereza iliyozaa Benki ya Biashara ya Kenya, na mwaka 1971 nusu ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe. Kilifi kikajengwa kiwanda cha korosho. Mlango ambao Waraka uliuacha wazi kidogo, ule wa kukaa mezani na kuona vitabu, ukapitisha malori. Ubepari wa Kenya na ujamaa wa Tanzania vikakutana mahali pamoja, kila nchi ina mashirika mamia ya umma, na kila shirika lina mwenyekiti aliyeteuliwa kwa sababu zisizohusiana na kazi yake.

Mimi mwenyewe niliingia kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda mwaka 1972. Sitakitaja jina. Serikali ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, na miaka ya mwanzo, wallahi, ilikuwa miaka mizuri: tulikuwa na zamu tatu, kilabu cha kandanda, na zahanati. Tulikuwa tukiondoka Kibera kundi zima kabla jua halijachomoza, tukifuata reli. Kisha wakaanza kuja mameneja wasiojua pamba ni nini. Mmoja aliagiza mashine ambazo hazikuwahi kufunguliwa kutoka makasha yake. Sisi tuliziona. Kila fundi aliziona. Mwakilishi wetu wa chama aliposema aliambiwa hayo si ya chama, na hakusema tena. Hapo ndipo nilipokumbuka Waraka na kuelewa kasoro yake kwa ngozi yangu: mkaguzi alikuwa ndiye mwenye mali, na mwenye mali ndiye aliyekuwa mkaguzi, na aliyejua chungu kibovu kiko wapi alikuwa amezibwa mdomo.

Mwaka 1992 serikali ilipiga hesabu ya mashirika yake ya kibiashara, yakawa 240 hivi, ikaamua kuuza 207 na kubakisha 33. Shirika la ndege liliuzwa hisa mwaka 1996. Korosho ya Kilifi nayo iliuzwa, na haikupita miaka mingi mashine zikanyamaza na mkulima akarudi kwa dalali. Huko Tanzania walianza kuuza yao wakati huo huo. Chetu kilikufa mwaka 1995 kabla hata hakijapata mnunuzi, maana milango ya mitumba ilikuwa imefunguliwa na shati la pamba yetu halikuweza kushindana na shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya. Soko kubwa la mitumba hiyo ni Toi, hapo hapo Kibera, mkabala na Makina. Asubuhi ya kwanza bila kazi nilitoka nje nikasikia wauzaji wakiita wateja. Yule fundi wa Tanga alikuwa kati yao, akipunguza suruali za Kijerumani kwa cherehani yake. Hatukubishana siku hiyo.

Tangu mwaka 2011 iko sanamu ya Mboya katika barabara ile, ambayo sasa ni Moi Avenue, si mbali na mahali alipoanguka. Mimi huiona kila nikienda mjini kuulizia malipo yangu ya kustaafu, ambayo faili yake imehama ofisi tatu tangu kiwanda kifungwe. Mara ya mwisho karani, msichana mwenye adabu ambaye hakuwa amezaliwa tulipofungiwa, aliniuliza mwajiri wangu alikuwa serikali au kampuni, kwa sababu faili za serikali huwekwa chumba kimoja na za kampuni chumba kingine. Nikamwambia alikuwa vyote viwili. Akafikiri kidogo, akaniomba nirudi Jumanne.